Siku Arobaini za Kanzu ya Mize

Hapo zamani, katika mji wa Wimbini, alikuwako mtu mmoja jina lake Mshamu bin Kigwe. Wako wanaomtaja kuwa ni Mshamu bin Kigwa, lakini hao hawakumjua baba yake. Jina ni Kigwe. Kazi yake ilikuwa kuamia ndege katika mabonde ya mpunga ya watu. Msimu ukifika alipanda juu ya dungu lake na kombeo mkononi, akapiga kelele tangu jua kuchomoza hata jua kuchwa, na mahali ambapo sauti yake haikufika alisimamisha sanamu za fito na makumbi, akazivika matambara ili ndege wadhani ni watu. Mali yake ilikuwa kombeo, dungu la kuazima, na binti mmoja aitwaye Mize, ambaye mama yake alikwisha kufariki.

Watu walimhesabu Mshamu kuwa mpumbavu, kwa sababu kila asubuhi alizipitia sanamu zake moja moja na kuzisalimu. Mwenyewe alisema, "Anayekusaidia kazi wala hakuombi chakula, salamu ni haki yake."

Basi mwenye kutawala Wimbini wakati huo alikuwa Sultani Hamdani bin Yakuti, mtu aliyependa elimu, na aliyependa zaidi elimu ionekane. Akajenga chuo kizuri cha mawe, akamweka Maalim Mwidadi bin Shehe awasomeshe watoto, akatangaza ya kwamba mtoto wa tajiri na mtoto wa maskini watasoma bure, na kila mmoja atapewa kanzu moja nyeupe. Mtoto wa kike akaongezewa ukaya mweupe wa kujitanda kichwani. Watu wakamwombea dua njema.

Mize akaanza chuo akiwa na miaka tisa, na kabla mpunga haujatoa masuke alikuwa akisoma alichoandikiwa ubaoni pasipo kusita. Jioni alimfundisha baba yake, akimchorea herufi juu ya tope kwa kijiti. Mshamu alijua herufi nne. Aliona ni nyingi.

Hata siku moja Sultani akapita chuoni, akamwona mtoto mmoja ana wino kwenye mkono wa kanzu, na mwingine anacheka. Akarudi kwake hana raha. Kesho yake akaandikisha kanuni thelathini na tatu, zikachorwa kwenye ubao mkubwa, ubao ukatundikwa ukutani. Kanzu iwe nyeupe pasipo doa. Upindo wake uwe vidole vinne juu ya kifundo cha mguu; si vitatu, wala si vitano. Ukaya ushuke hata kidevuni. Mwanafunzi asicheke, asigeuke, asijikune, asimtazame mwenzake. Akiulizwa neno na mkubwa asiharakishe kujibu. Asionekane njiani ila amevaa vazi la chuo. Na atakayerudishwa nyumbani mara tatu kwa ajili ya doa, jina lake litakatwa, wala hapana mwalimu mwingine katika Wimbini atakayepewa ruhusa ya kumsomesha.

Kuzisimamia kanuni hizo aliwekwa Bwana Tamimu bin Rajabu, ambaye kwa miaka mingi alikuwa mtunza mapazia wa jumba la Sultani. Alikuwa mtu mwaminifu, aliyeijua nguo kuliko alivyomjua aliyeivaa. Akapewa daftari na kijiti cha kupimia upindo.

Sasa huko Wimbini ilikuwa mwiko kuhesabu watoto wa watu. Mtu hakusema nina watoto watano. Alisema kwangu vinapikwa vikombe vitano vya uji. Aliyehesabu vichwa vya watoto, au kuwakazia macho nyusoni, alihofiwa kuwa ana kijicho, na mtoto akiugua mafua mtu huyo alifuatwa mlangoni. Kwa hiyo Bwana Tamimu hakuandika watoto daftarini, aliandika kanzu. Kila asubuhi alipita safu kwa safu, macho yake yasipande juu ya shingo ya mtu, akaandika: kanzu ya kwanza imefika, safi, kanzu ya pili imefika, safi. Wazazi wote wakaona ni adabu njema, na tangu siku hiyo hakuna aliyeona neno ndani yake.

Ikawa njia ya Mize kwenda chuoni ilipita katikati ya bonde, na masika yalikuwa yameanza. Alipandisha kanzu hata magotini, akakanyaga kwa ncha za vidole, lakini tope la mpunga lina tabia ya kuruka. Siku moja akarudishwa nyumbani kwa doa lililokuwa kama punje ya mtama. Baada ya siku tatu akarudishwa kwa madoa mawili. Akamkuta baba yake chini ya dungu anakaza kombeo.

"Baba, imebaki mara moja."

"Mara moja ya nini?"

"Ya kukatwa jina."

Mshamu akaendelea kukaza kombeo. "Ulikuwa umefika wapi katika kusoma kwako, mama?"

"Kwenye maneno marefu."

"Marefu kiasi gani?"

"Liko moja Maalim analianza asubuhi, na mimi nalimaliza adhuhuri."

"Basi haifai kuliacha katikati," akasema Mshamu, akalitundika kombeo, akanawa miguu, akaenda barazani kwa Sultani.

Alipofika akasema, "Nashika miguu yako, Bwana wangu."

"Marahaba," akajibu Sultani. "Wewe ndiye yule unayeamkia sanamu."

"Ndimi, Bwana wangu. Nazo hazijapata kunijibu vibaya."

Walioketi barazani wakacheka. Mshamu akaeleza shida yake, kisha akaomba binti yake aichukue kanzu ndani ya kifurushi, aivae mlangoni pa chuo.

Bwana Tamimu akanena, "Kanuni ya nne. Mwanafunzi haonekani njiani ila amevaa."

"Basi na awekewe maji mlangoni, asafishe doa."

"Kanuni ya kumi na moja. Maji hayaletwi chuoni. Yatamwagika."

Mshamu akamtazama Sultani. Sultani akasema, "Mshamu, kanuni sikuziweka kwa ajili ya tope, wala sitaziondoa kwa ajili ya tope. Nilitoa kanzu nyeupe, nami nataka ifike nyeupe. Nitakufanyia hisani moja. Kanzu ya binti yako ikifika chuoni siku arobaini mfululizo pasipo doa, jina lake halitakatwa maisha. Ikikosa siku moja, limekatwa siku hiyohiyo."

"Kanzu ifike," akasema Mshamu.

"Ifike."

"Safi."

"Safi, ikae mahali pake, na itimize kanuni zote thelathini na tatu."

"Na nani atakayeamua kama imetimiza, Bwana wangu?"

"Tamimu na daftari lake. Litakaloandikwa humo ndilo neno langu."

"Nimesikia," akasema Mshamu, akaondoka. Nyuma yake watu wakaambiana ya kwamba maskini amejikatia jina la mtoto mwenyewe, maana siku arobaini za masika hapana mguu wa binadamu unaopita bonde lile na kutoka mweupe.

Mshamu alipofika kwake hakukaa. Akakata fito za mkoko, akazifunga kwa kamba ya usumba, akajaza makumbi, na kichwani akaweka kibuyu. Kisha akamwita Mize akamsimamisha kando ya ile sanamu, akapima bega kwa bega. Akaivika kanzu iliyofuliwa, upindo vidole vinne, akaitanda ukaya hata kidevuni.

Mize akaizunguka. "Baba, huyu ndiye mimi?"

"Siye. Wewe unajikuna."

Asubuhi yake akaifunika sanamu majani ya mgomba, akaibeba kichwani, akavuka bonde tope likiwa magotini mwake, akafika chuoni kabla ya wote. Akaiketisha mahali pa Mize, nafasi ya kumi na moja, safu ya wasichana. Alikuwa anaondoa jani la mwisho Maalim Mwidadi alipoingia na mikoba yake.

"Mshamu, ni nini hii?"

"Kanzu ya Mize, Maalim. Imeamriwa ifike."

"Na Mize mwenyewe?"

"Mize hakuamriwa."

Maalim Mwidadi akautazama ule ubao wa kanuni kwa muda. Alikuwa amesomesha watoto miaka thelathini, na tangu ubao ule kutundikwa hakuna aliyemwuliza watoto wanasoma nini. Akasema, "Mimi kazi yangu kusomesha. Mavazi ni ya Bwana Tamimu. Lakini dirisha lile la nyuma lina upepo mzuri. Nadhani tangu leo nitaweka kiti changu pale."

Basi ikawa hivyo. Maalim akasomesha karibu na dirisha kwa sauti kubwa kuliko desturi yake, na nje, chini ya upenu, Mize akaketi juu ya jiwe amevaa kaniki yake ya nyumbani, miguu imo topeni, ubao wake magotini. Na Bwana Tamimu alipopita akapima upindo wa nafasi ya kumi na moja, akaona vidole vinne kamili, akaandika: kanzu ya kumi na moja, Mize binti Mshamu, safi, hakugeuka, hakucheka, hakunena.

Siku ya pili akaandika vivyo hivyo. Siku ya tano akaongeza neno "kamwe". Kufikia siku ya kumi alikuwa anasimama mbele ya nafasi ile kuliko nafasi nyingine, kama mtu aliyepata pazia lisilo na mkunjo.

Watoto walijua tangu siku ya kwanza, lakini kumtazama mwenzako ni kosa, na kunena ni kosa, kwa hiyo hawakuwa na njia ya kusema walichokiona. Siku ya ishirini na tatu upepo wa masika ukaingia kwa nguvu, fito zikalegea, sanamu ikainama mbele. Mshamu, aliyekuwa amejibanza nje pamoja na binti yake, akaona kwa dirisha. Bwana Tamimu akaandika: ameinama kwa heshima.

Siku ya thelathini na nne Kibibi binti Masudi, mtoto wa mfanyabiashara wa nguo, aliyeketi nafasi ya kumi na mbili, akashindwa kuvumilia. Akasema, "Bwana Tamimu, huyu hana macho."

"Umejuaje?" akauliza Bwana Tamimu.

"Nimemtazama."

"Kanuni ya tisa," akasema Bwana Tamimu, akamrudisha nyumbani.

Siku zikaenda, zikabaki mbili. Mshamu alianza kuhesabu kwa vidole, akala vizuri. Ndipo mpiga mbiu akapita mjini akitangaza ya kwamba siku ya arobaini Sultani mwenyewe atakwenda chuoni, na mwanafunzi ambaye daftari limemsifu kupita wote atavikwa joho la baraza kwa mikono ya Sultani.

Mshamu aliposikia akakaa chini palepale njiani. Hakuwa ametaka sifa. Alitaka siku arobaini zipite kimya kama maji ya mfereji. Akiipeleka sanamu, Sultani ataiona. Asipoipeleka, siku imekosekana na jina limekatwa. Na kumpeleka Mize ndani ya kanzu hakuwezekani, kwa kuwa mvua ilikuwa haijaacha na tope lilifika mapajani.

"Baba," akasema Mize, "tufanyeje?"

"Imeamriwa ifike," akasema Mshamu. "Itafika. Wewe kaa kwenye jiwe lako, na usisahau ubao."

Siku ya arobaini chuo kikapambwa, Sultani akaja na watu wake, joho la kijani lenye tarizi ya dhahabu likichukuliwa mbele yake juu ya sinia. Mshamu akasimama mlangoni pamoja na wazazi wengine. Bwana Tamimu akafungua daftari, akasoma kwa fahari: "Nafasi ya kumi na moja. Siku arobaini. Doa, hapana. Kicheko, hapana. Kugeuka, hapana. Bwana wangu, katika maisha yangu sijaona mfano wake."

Sultani akapendezwa. "Na aje."

Nafasi ya kumi na moja haikusogea.

Bwana Tamimu akanena kwa upole, "Kanuni ya ishirini, Bwana wangu. Haondoki mahali pake kabla ya somo kwisha."

"Ajabu," akasema Sultani, akaondoka kitini, akaenda mwenyewe. "Mwanangu, u hali gani?"

Kimya.

"Kanuni ya kumi na tisa," akasema Bwana Tamimu. "Haharakishi kumjibu mkubwa."

Sultani akangoja. Wakangoja wote. Kahawa iliyoletwa ya Sultani ikapoa. Mwishowe Sultani akalitwaa lile joho kwa mikono yake, akaliweka juu ya mabega ya mwanafunzi. Nalo lilikuwa zito kwa ile dhahabu, sanamu ikaegemea upande, ukaya ukateleza, kichwa kikang'oka, kikabingirika sakafuni hata miguuni pa Bwana Tamimu. Bwana Tamimu akainua macho, akatazama juu ya shingo kwa mara ya kwanza tangu apewe kazi, asione kitu.

"Mshamu bin Kigwe," akasema Sultani, wala hakuinua sauti.

"Labeka, Bwana wangu."

"Umenifanyia mzaha mbele ya watoto wa mji. Unajua malipo yake."

"Mimi, Bwana wangu? Niliamriwa kanzu ifike. Imefika mara arobaini. Niliamriwa iwe safi, na ile pale. Nikauliza nani atakayeamua, ukasema daftari. Kama liko kosa, limo daftarini, nami hata sasa najua herufi tisa tu, siwezi kulitafuta."

Sultani akanyoosha mkono, akapewa daftari. Akafunua karatasi moja baada ya nyingine. "Hapa pameandikwa hakucheka. Hapa hakugeuka. Wapi pameandikwa kwamba anasoma?"

Bwana Tamimu akasema, "Bwana wangu, mstari wa kusoma haumo."

"Kwa nini?"

"Kanuni ni thelathini na tatu, nami nimezifuata zote. Hapana inayotaja kusoma."

Sultani akageuka, akaukabili ule ubao ukutani, akazisoma kanuni zake tangu ya kwanza hata ya mwisho, polepole, kama mtu anayetafuta pete aliyoidondosha mwenyewe. Alipomaliza akairudia ya mwisho. Chuo kizima hapana aliyejikuna.

"Maalim Mwidadi," akasema, "huyu uliyekuwa naye siku arobaini amejifunza nini?"

"Huyo, Bwana wangu, hajakosea hata herufi moja, kwa kuwa hajasoma hata moja. Lakini yuko mwingine nyuma ya ukuta."

"Mlete."

Mize akaja kwa mlango wa mbele, kaniki imemganda miguuni, tope magotini. Bwana Tamimu, kwa mazoea, akakinyoosha kile kijiti cha kupimia kizingitini. Sultani akakisogeza kwa kidole kimoja. Mtoto akaingia, nyayo zake zikaandikwa juu ya mikeka mipya hata mbele ya Sultani.

"Wajua kusoma?"

"Najua, Bwana wangu."

Sultani akampa daftari. "Soma hapo."

Mshamu akaona vidole vya binti yake vinatafuta mwanzo wa mstari. Mize akasoma, bila kusita:

"Kanzu ya kumi na moja, Mize binti Mshamu. Siku ya kwanza. Safi, hakugeuka, hakucheka, hakunena." Akafunua. "Siku ya ishirini na tatu. Ameinama kwa heshima." Watoto wakauma mikono ya kanzu zao. "Siku ya thelathini na nne. Mwenzake amemsingizia kwamba hana macho, naye amevumilia." Akafika mwisho. "Siku ya arobaini. Tabia yake iigwe na wote."

Akainua uso. "Bwana wangu, na mimi niige?"

Sultani Hamdani bin Yakuti alijaribu kujizuia. Akatazama dari, akatazama kahawa yake iliyopoa, akakitazama kile kibuyu, kisha akacheka hata kilemba kikamwendea upande, na watoto, walipoona kanuni ya sita imevunjwa na mwenye kuiweka, wakacheka pamoja naye.

Alipotulia akasema, "Mshamu, jina la binti yako halitakatwa. Neno hilo lilikwisha pita. Omba jingine."

Watu wakadhani ataomba shamba au ng'ombe. Mshamu akasema, "Bwana wangu, naomba mtungi wa maji na kata, viwekwe mlangoni hapa. Na vigingi ukutani, kanzu zitundikwe na zilale huku. Watoto waje na miguu yao, wanawe, wavae."

"Hivyo tu?"

"Bonde ni refu, Bwana wangu."

Sultani akakubali. Mtungi akapewa Bwana Tamimu aujaze kila alfajiri, na daftarini akaamriwa aongeze mstari mmoja, aandike kila mtoto amesoma nini. Na ili aujue ukweli wake, awe anamtazama usoni na kumwuliza. Wazazi wakanung'unika kidogo kwa habari ya kijicho, lakini hapana mtoto aliyeugua, isipokuwa mafua.

Likabaki joho. Mtunza hazina akataka kulikunja alirudishe, Sultani akamzuia. "Nimelitoa mbele ya watu, wala neno langu halirudi. Na lichukuliwe na aliyestahili."

Basi ile sanamu ikarudi bondeni imevaa joho la baraza lenye tarizi ya dhahabu, Mshamu akaisimamisha katikati ya mpunga, na kila asubuhi akaisalimu kwa heshima iliyozidi ya zamani. Ndege walipoliona lile joho hawakukaribia kwa siku saba. Siku ya nane chiriku mmoja akaja, akaizunguka mara mbili, akatua juu ya bega lenye dhahabu, akaanza kula. Kwa kuwa ndege hawana daftari.

Hekaya imefika, nayo safi. Upindo wake pimeni wenyewe.